Nataka kuacha wodi ya watoto niende shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Je, ninakimbia?

Shikamoo Mama,

Nina miaka 33. Ni muuguzi wa stashahada, mwajiriwa wa serikali kwa miaka 9, na 6 kati ya hiyo nimeimaliza yote wodi ya watoto katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka 5 na tunatafuta wa pili.

Wewe umekaa wodini, sina haja ya kukueleza sana. Msimu wa mvua watoto wanalazwa wawili wawili kitandani, wakati mwingine watatu, na usiku tunakuwa wauguzi wawili. Huyu anaongezewa damu, yule degedege halijakata, wa pale kanula, kijimpira cha mshipani, imetoka, na kuna mama amesimama mlangoni ananiita tangu saa nne. Asubuhi natoa ripoti ya zamu vizuri tu, halafu nikiwa ndani ya daladala najikuta sikumbuki sura ya mtoto hata mmoja. Nakumbuka namba za vitanda.

Mwaka jana alilazwa mtoto wa miaka 4 mwenye mtindio wa ubongo. Ilikuwa nimonia yake ya nne kwa mwaka. Saa tatu usiku mama yake akaniambia, "Sista, leo huyu si yeye." Nikampima. Joto la kawaida, pumzi hazikuwa mbaya, oksijeni 95. Nikamwambia atulie, mtoto anaendelea vizuri, nikakimbilia kitanda cha dirishani kulikokuwa na degedege. Alfajiri tulikuwa tunamkandamiza kifua. Hakurudi. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamechoka na hakuna ambaye angefanya zaidi. Naamini alisema kweli. Lakini neno la yule mama sikuliacha wodini, nimerudi nalo nyumbani.

Sasa imetokea kazi. Kuna shule ya msingi ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, inaendeshwa na kanisa, kilomita 40 hivi kutoka hapa. Watoto ni 84. Wengi wana mtindio wa ubongo, wapo wenye mgongo wazi, wenye kifafa, wenye ulemavu wa akili, na wachache wenye ualbino. Muuguzi wao anastaafu Desemba. Mshahara ni pungufu ya huu wangu kwa shilingi 230,000, na posho za usiku ndiyo basi tena. Wanatoa nyumba ndani ya uwanja wa shule na mkataba wa miaka 2.

Mume wangu hajakataa, ila anasema mtu haachi ajira ya serikali akafuata mkataba. Wenzangu wodini wanasema naenda kuwa nesi wa Panadol, na baada ya mwaka nitakuwa nimesahau hata kuweka kanula. Mama mkwe ndiye aliyeniumiza zaidi. Anasema mwanamke anayetafuta mimba hakai na watoto wale, atazaa kile anachokitazama.

Mama, nina hofu mbili. Kwanza, huenda siitaki shule, ninaikimbia wodi tu. Pili, kazi yenyewe siijui. Nieleze kama unavyomweleza mwanao wa kumzaa.

Sista wa Zamu ya Usiku

*

Marahaba, mwanangu. Na pole sana kwa yule mtoto.

Nilikaa wodini miaka 12, kisha nikahamia shule ya aina hiyo unayoieleza, nikafanya kazi huko miaka 14 mpaka nilipostaafu. Nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Unakimbia, ndiyo, kwa kiasi fulani. Na mimi nilikimbia. Muuguzi anayehudumia watoto 60 usiku mmoja kisha anakumbuka namba za vitanda tu, huyo amechoka, na uchovu si kosa la kuombea msamaha. Ninachokuomba usiende ukidhani unakwenda kupumzika. Ukikaa ndani ya uwanja wa shule ya bweni, zamu yako haina mwisho. Saa nane usiku matroni atagonga dirisha, na wewe ndiye muuguzi, ndiye daktari wa zamu, ndiye mtu wa kuamua kama gari liwashwe au tusubiri kukuche. Wodini ukisita unamgeukia mwenzako mezani. Kule hakuna mwenzako. Upweke huo ndio ulionishinda nguvu mwaka wa kwanza, kuliko ugonjwa wowote.

Lakini barua yako imenisimamisha mahali pengine. "Leo huyu si yeye." Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama hapo. Kazi unayoiulizia yote imelala ndani ya neno hilo.

Hospitalini tumefundishwa kumpima mtoto kwa kipimo cha watoto wote: pumzi ngapi kwa dakika, joto kiasi gani, oksijeni ikishuka chini ya hapa fanya hivi. Ni kipimo kizuri, kimeokoa wengi. Yule mama hakuwa na mashine, alikuwa na kipimo kimoja tu, mtoto wake mwenyewe wa jana na wa juzi. Shuleni utatakiwa uwe na kipimo hicho cha mama kwa watoto 84.

Nikueleze lililonifundisha hivyo. Mwaka wangu wa tatu shuleni, matroni aliniletea mvulana wa miaka 9. Alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikajaa maji, kwa hiyo alikuwa na shanti, ule mpira unaopitishwa chini ya ngozi kuyatoa maji kichwani kuyapeleka tumboni. Anaumwa kichwa, ametapika mara moja, amelegea. Sisi wa ukanda wa malaria mikono yetu inakwenda yenyewe: nikamtoboa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha mistari miwili, nikampa dawa mseto, nikaandika kwenye rejista. Sasa sikiliza. Mtoto huyu nilimtibu malaria wiki tatu tu kabla ya hapo, na nilifundishwa kwamba kipimo kile kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Nilijua na sikukumbuka. Nilishapata jibu, na jicho langu la wodini lilishahamia kwa anayefuata.

Kesho yake mwalimu wa darasa lake akaja dirishani kwangu. "Sista, leo ameshika daftari karibu na pua, na tangu asubuhi hajagombana na mtu." Mvulana yule alikuwa mgomvi wa darasa zima, akigombania kifutio mpaka kiti. Nikamwambia mwalimu ni malaria, amalize dawa kwanza. Siku ya tatu nilimwita jina, akashindwa kuinua macho kunitazama. Gari la shule lilikuwa gereji, tukampakia kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa mchele. Shanti ilikuwa imeziba. Alifanyiwa upasuaji akapona, lakini sehemu ya uoni wake haikurudi.

Mwalimu alikuwa ameniletea dalili mbili kubwa mkononi, nami nikazirudisha. Kwa hiyo nakuelewa unapolibeba neno la yule mama mpaka nyumbani. Ukiwa na shanti mbele yako, kichwa kuuma, kutapika, kusinzia, au tabia kubadilika ghafla ni shanti mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama malaria nayo imeonekana. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Usisubiri siku ya pili.

Baada ya hapo nilinunua daftari kubwa la jalada gumu, nikampa kila mtoto kurasa mbili, na juu nikaandika swali moja: Akiwa mzima, yukoje? Anakula kiasi gani na kwa muda gani. Analala upande upi. Choo mara ngapi kwa wiki. Kifafa chake kinaanzia mkono gani. Akiumwa analia, ananyamaza au anajipiga kichwa. Nani anaelewa anachosema. Sikulijaza peke yangu. Mama aliyemleta Januari alijaza, mpishi akajaza, matroni, mwalimu, na watoto wenyewe, maana wa kitanda cha pili ndiye anayejua mwenzake anaamka mara ngapi. Kulikuwa na binti mwenye usonji asiyezungumza ambaye kila mwezi alijigonga kichwa ukutani kwa siku mbili. Tulidhani ni tabia. Tulipohesabu tarehe ndani ya daftari tukaona ni tumbo la hedhi. Dawa ya maumivu ikitolewa mapema siku ile, ukuta ukasahaulika.

Sasa kazi yenyewe. Anza jikoni. Umesema yule mtoto alikuwa na nimonia ya nne kwa mwaka. Simjui na sitasema chanzo chake kilikuwa nini, lakini kwa watoto wenye mtindio wa ubongo nimonia zinazorudiarudia mara nyingi zinatokana na kupaliwa: uji au maji yanakwenda njia ya hewa kidogo kidogo, kila mlo, wengine bila hata kukohoa. Wodini tunazitibu kwa sindano, mtoto anaruhusiwa, anarudi kwenye kikombe kilekile. Shuleni kikombe kiko mikononi mwako. Mtoto akae wima, asilazwe mapajani kichwa kikining'inia nyuma. Kidevu kielekee kifuani kidogo. Kijiko kiwe kidogo. Uji uwe mzito kiasi, maana maji matupu ndiyo yanayokimbia kuliko koo. Subiri ameze ndipo umpe kingine. Akimaliza abaki amekaa nusu saa. Sikiliza sauti yake baada ya kunywa: ikiwa ya majimaji, au macho yanalengalenga machozi kila mlo, huyo anapaliwa. Mlo mmoja wa mtoto kama huyo unaweza kuchukua dakika 40. Matroni mmoja akipewa watoto watano awalishe kabla kengele haijalia, hata awe na upendo namna gani, atawapalia. Ugomvi wangu mkubwa na uongozi wa shule ulikuwa juu ya mikono ya kulisha wakati wa chakula cha mchana, na niliurudia kila kikao mpaka wakaajiri dada wawili wa kulisha tu. Mwaka uliofuata safari zetu za usiku kwenda hospitali zilipungua, niliona kwenye rejista yangu mwenyewe.

Pima uzito kila mwezi, na usiikubali kauli kwamba "hawa ndivyo walivyo, wembamba." Wana njaa.

Wenye mgongo wazi watakufanya usahau jambo moja ulilolishika chuoni. Wengi hawawezi kutoa mkojo wote, kwa hiyo hupitishiwa mpira mwembamba kila baada ya saa tatu au nne kisha unatolewa. Sisi wa hospitali tunataka kila kitu tasa, yaani kisicho na kijidudu hata kimoja: glovu tasa, bakuli tasa. Tangu mwaka 1972, daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alipoonyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha, ukichunga kwamba kibofu hakikai kimejaa, utaratibu ni maji, sabuni, mikono safi, na ratiba isiyorukwa. Mtoto wa miaka 7 au 8 mwenye mikono mizuri anajifunza kujifanyia mwenyewe. Siku anapojifunza anaweza kwenda kulala kwa bibi yake bila mtu mwingine, jambo ambalo lilikuwa haliwezekani tangu azaliwe. Utahitaji choo chenye mlango unaofungwa na ruhusa ya mwalimu saa nne na saa saba bila mtoto kuombaomba mbele ya darasa.

Na glovu zako chunguza. Watoto hawa waliopita kwenye upasuaji mwingi wanapata mzio wa mpira asilia kuliko watoto wengine, na mzio huo unaweza kubana koo. Agiza mapema za nitraili, zisizo na mpira asilia, na uzuie maputo siku za sherehe. Miguu ya wengi wao haisikii maumivu, hivyo kila jioni kagua nyayo na makalio. Mtoto anaweza kuchubuka kwenye kiti mwendo asubuhi akakuletea kidonda Ijumaa bila kujua.

Kifafa umekiona sana, lakini umekiona kikiwa kimefika kwako. Darasani kinaanza mbele ya watoto 15 na mwalimu anayeogopa povu. Bado wapo watu wazima wenye elimu yao wanaoamini povu linaambukiza, na mtoto anaachwa aungue kwenye jiko watu wamesimama wanatazama. Wiki yako ya kwanza wakusanye walimu, wapishi, walinzi na dereva, uwaeleze: tazama saa, sogeza vitu, mlaze ubavu, usitie kijiko wala kidole mdomoni. Zikipita dakika 5 niite mbio. Uwe na diazepamu ya njia ya haja kubwa iliyokokotolewa kwa uzito wa kila mmoja, imeandikwa ukutani, siyo kichwani mwako. Halafu jihadhari na Januari. Mtoto alipewa dawa za wiki nne likizo ikawa wiki sita, au nyumbani waliona hajaanguka mwezi mzima wakadhani amepona wakaziacha. Fenobabitali ikikatwa ghafla inaleta kifafa kibaya kuliko cha mwanzo. Siku ya kufungua shule hesabu vidonge vilivyorudi kabla hujauliza habari za likizo.

Wenye ualbino kazi yao ni kofia pana, mikono mirefu, ratiba ya paredi isiyowaweka juani, na mafuta ya kukinga jua. Yapo yanayotengenezwa hospitali ya KCMC pale Moshi. Kagua ngozi kila mwezi, masikio na midomo hasa.

Kuna moja sipendi kuliandika lakini lazima. Mtoto asiyeweza kusema ndiye anayeumizwa na watu wabaya, kwa sababu hawezi kumtaja. Wewe ndiye utakayemwona mwili. Siku ukiona alama isiyoelezeka, usimwogeshe, usikubali kikao cha kulimaliza ndani. Andika ulichoona, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, mwite ofisa ustawi wa jamii, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka hospitali. Hata kama anayetajwa ni mtu anayeheshimika hapo shuleni. Ukihisi hutaweza kufanya hivyo, baki wodini, na nitakuheshimu vilevile.

Wenzako wanaosema nesi wa Panadol waambie habari ya Lina Rogers. Mwaka 1902 jijini New York watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa mamia kwa sababu ya upele, chawa na macho mekundu, na wengi hakuna aliyewatibu huko nyumbani, wakabaki mitaani. Muuguzi huyo mmoja akapewa shule 4 kwa majaribio. Alisafisha vidonda palepale shuleni, akawafuata wengine majumbani, na watoto wakarudi darasani. Jiji likaajiri wengine. Hakuweka dripu hata moja, na darasa lilijaa. Kule tulihesabu hivyo hivyo: mtoto huyu amekuwa darasani siku ngapi mwezi huu, na tufanye nini mwezi ujao aongeze mbili.

Lakini kuhusu kanula wana haki. Mikono inasahau. Mimi niliomba hospitali ya wilaya iniruhusu nifanye zamu mbili kila likizo ya Juni na Desemba, nikaendelea hivyo miaka 9. Ilinisaidia pia kujulikana kwa madaktari, na siku nilipopiga simu usiku nikisema "huyu mtoto hayuko sawa" hawakuuliza ni nani. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isije ikaisha muda ukiwa shuleni. Mafunzo ya kujiendeleza hayatakufuata, utayafuata wewe.

Mume wako usimshinde kwa maneno, anaona kitu cha kweli. Ukiandika barua ya kuacha kazi leo, kurudi serikalini ni kuomba ajira upya kama aliyetoka chuo jana. Kabla ya barua hiyo nenda kwa ofisa utumishi, uliza mambo mawili: kama unaweza kuazimwa kwa taasisi hiyo ukiwa bado mtumishi wa umma, au kupewa likizo bila malipo kwa kipindi cha kujaribu. Inawezekana wakakataa, lakini uliza kwa maandishi ujibiwe kwa maandishi. Nenda na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wakueleze michango yako ya miaka 9 itakuwaje ukihamia mwajiri wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi. Kwa shule uliza bima ya afya, na nyumba ni ya nani mkataba ukiisha. Shilingi 230,000 kila mwezi ni ada, ni kodi ya shamba, kaeni mezani wawili mzihesabu kabla ya kulitaja neno wito.

Na mkataba huo wa miaka 2 usiutie sahihi kabla hawajakuonyesha hivi: maelekezo yaliyosainiwa na daktari yanayosema dawa zipi unaruhusiwa kutoa bila kumuuliza, gari na mafuta ya usiku, mtu wa kukushikia zamu mwisho wa wiki mmoja kila mwezi, na mahali palipoandikwa kwamba mkuu wa shule hatakuamuru umpe mtoto dawa ya kumtuliza ili darasa litulie. Hili la mwisho liliwahi kunitokea. Nilikataa, tukanuniana muhula mzima.

Sasa mama mkwe. Usimjibu, mheshimu, mwache mumeo azungumze na mama yake. Wewe ni muuguzi, unajua mgongo wazi hutokea ndani ya siku 28 za mwanzo za mimba, kabla wengi hawajajua kama wamebeba. Kinachosaidia ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, uanze sasa hivi mnapotafuta, siyo siku utakapofika kliniki. Kumtazama mtoto hakumpi mwingine ulemavu. Nilizaa mara mbili nikiwa shuleni pale, na wanafunzi wangu ndio waliombembeleza mdogo wao kwenye viti mwendo vyao, uwanja mzima, mpaka akalala. Ikiwezekana siku moja mwalike mama mkwe aje shuleni siku ya wazazi. Wangu alikuja. Alikaa karibu na binti mmoja aliyekuwa akisuka ukili kwa vidole vya miguu, akamuuliza mkeka ni bei gani, wakapatana.

Kama ni mimi, ningekwenda. Lakini kwanza chukua siku tatu za likizo yako, umwombe yule muuguzi anayestaafu akuruhusu umfuate nyuma. Siku ya kwanza fika kabla ya chakula cha mchana. Usianze na ofisi wala kabati la dawa. Kaa benchi moja na mtoto anayelishwa, mwenye mtindio wa ubongo, tazama saa yako anapoanza na anapomaliza, uhesabu amekohoa mara ngapi na nani alisikia. Kisha niandikie.